Kizazi Kipya Chenye Mvi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua huwa mnazikata zikiwa ndefu, hii msiikate sana tafadhali, nimeiandika kwenye simu na kidole gumba sasa hivi kimekufa ganzi.

Namjibu yule msomaji wa Dodoma aliyeandika wiki mbili zilizopita kwamba muziki wetu umekufa. Alisema madogo wa siku hizi hawana ujumbe, ni kiuno na mapenzi tu, dakika mbili wimbo umeisha, alafu midundo yenyewe wanaiba kwa watu wa Afrika Kusini. Simlaumu. Hata mi miaka mitano iliyopita ningesaini ile barua bila kuisoma mara mbili.

Ila nilicheka mwenyewe kibarazani mpaka mke wangu akauliza kuna nini, kwa sababu msomaji wetu analilia "muziki wa kizazi kipya wa enzi zile". Wa enzi zile! Sasa kizazi kipya cha enzi zile ndo mdudu gani huyo? Na nyie Mhariri mnachangia, maana ukurasa wenu wa burudani kila nikiufungua nakuta "msanii mkongwe wa muziki wa kizazi kipya", mkongwe na kizazi kipya kwenye mstari mmoja na hakuna anayeshtuka. Profesa Jay na Sugu wamerap, wameingia bungeni, wametoka bungeni, bado kizazi kipya. Kuna watu mnawaita kizazi kipya wana mvi kunizidi mimi, na mimi nimezaliwa 1970.

Jina lenyewe nakumbuka lilivyokuja. Kulikuwa na Bongo Flava, ambalo Mike Mhagama wa Radio One anatajwa kuwa ndo alianza kulitumia hewani mwaka 1996, Bongo ikiwa ni Dar, mji ambao bila kutumia bongo huli. Alafu watu rasmi rasmi, wa magazetini na wa wizarani, wakaona Bongo Flava ina uhuni uhuni wakatafuta jina la heshima, ndo ikawa muziki wa kizazi kipya. Wakati ule lilikuwa sawa kabisa. Tatizo ukimpa mtoto jina la Kadogo, siku moja atakuwa babu na bado mnamwita Kadogo.

Ngoja nijitambulishe kidogo ili muelewe naongea kama nani. Mi sio msanii, sijawahi kushika hata ngoma ya shule. Nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda hapa Morogoro karibu na soko, kuanzia 1991 mpaka kanda zilipokufa zenyewe. Nilikuwa na dabo deki mbili, spika moja nje ya mlango inayokera majirani, na daftari kubwa la orodha ya nyimbo. Mteja anakuja na kanda yake au ananunua kwangu tupu, anachagua kwenye daftari, kesho anachukua. Baada ya kanda nikachoma CD, baada ya CD nikawa naingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi za watu wa bodaboda, na sasa hivi sifanyi chochote cha muziki, nauza vocha na chaja. Na kabla hamjaniambia nasema mwenyewe: katika miaka yote ile hakuna mwanamuziki hata mmoja aliyepata shilingi kutoka kwenye kibanda changu. Tulikuwa tunaiba, tukaita kurekodi. Kwa hiyo mtu wa mwisho kumwita dogo mwizi wa midundo ni mimi.

Lakini kile kibanda kilinifundisha kitu. Kanda ilikuwa ya dakika 60 au 90. Ya 60 ina nusu saa kila upande, na nyimbo za bendi za dansi kama Sikinde au Msondo nyingi zilikuwa dakika saba, nane, kwa hiyo upande mmoja zinaingia tatu, ya nne unaomba Mungu. Nikikosea hesabu wimbo unakatika kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya kucheza, pale pale solo linapanda, na kesho yake mteja yuko mlangoni amenuna kama nimemkatia maji. Ikabidi nijue urefu wa kila wimbo kwa kichwa. Ukikaa na urefu wa nyimbo kwa miaka 17 unaanza kujiuliza mbona huu mrefu na huu mfupi, nani alipanga? Jibu nililolipata ni kwamba aliyepanga sio msanii, au sio yeye peke yake. Wimbo unachukua umbo la kile kinachoubeba na la yule anayeulipia, kama maji tu, yakiwa kwenye ndoo yana umbo la ndoo na ukiyamimina kwenye kikombe yanakuwa kikombe.

Chukua dansi. Vijana hawajui kwamba zile bendi nyingi zilikuwa mali ya mashirika. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, ndo hao hao baadae wakawa JUWATA, wakawa OTTU, leo Msondo Ngoma. Mlimani Park, ndo Sikinde yenyewe, ikaja 1978. Bima Lee ya shirika la bima, Urafiki ya kiwanda cha nguo, UDA ya mabasi, jeshi lina bendi, polisi wana bendi, magereza wana bendi. Mwanamuziki anapokea mshahara mwisho wa mwezi kama karani! Gitaa la shirika, spika za shirika, gari la shirika. Redio ilikuwa moja, Radio Tanzania, unaingia studio yao mnapiga wote kwa pamoja, mkikosea mnarudia. Sasa mtu wa namna hiyo ana haraka gani? Usiku anapiga ukumbini mpaka saa nane, na wimbo unaanza taratibu, mtu amalize bia yake, amfuate mwenzie, wasogee katikati, kisa kinaendelea beti ya kwanza mume ameondoka, beti ya pili barua haziji, beti ya tatu amerudi na mke mwingine, tarumbeta zinalia, ndo sasa chemko linaanza na hapo hakuna maneno tena ni magoti tu. Dakika nane ni kidogo! Na hata ule ujumbe anaousema msomaji wa Dodoma, ndiyo ulikuwepo, kilimo, siasa, uhuru wa Kusini mwa Afrika, lakini tusisahau mwajiri alikuwa nani. Ukiajiriwa na chama ungeimba nini.

Alafu niwaambie siri ya daftari. Ule ujumbe wa kilimo hakuna aliyekuja kurekodi kwangu. Waliagiza mapenzi, wivu, mke kufukuzwa, mume mlevi, rafiki msaliti. Miaka yote. Nyimbo za maendeleo tulisikiliza kwa sababu redio ilikuwa moja.

Tena nimesema dakika nane, kumbe zikienda kwenye santuri zinakatwa. Hapa kwetu santuri zilikuwa zinachapwa Nairobi, zile ndogo za mizunguko 45, na hazibebi dakika nane upande mmoja. Kwa hiyo wimbo mmoja unagawanywa, upande wa kwanza maneno, unageuza sahani, upande wa pili chemko. Mzee wangu alikuwa nazo za Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki wa hapa hapa Morogoro, kibao, na kazi yangu mimi mtoto ilikuwa kugeuza. Mbaraka alipofariki kwa ajali kule Mombasa Januari 1979 nilikuwa darasa la pili, nakumbuka mzee aliweka upande wa kwanza akakaa, nikataka kugeuza akaniambia acha. Siku ile chemko halikupigwa nyumbani kwetu. Mpaka leo kuna wimbo mmoja nikiusikia unafika kule mwisho naona kama nimemkosea adabu.

Nimetoka nje ya mada, samahani.

Nilitaka kusema hivi, huyu msomaji anasema dakika mbili na nusu ni matusi kwa muziki. Sasa turudi nyuma zaidi. Mwaka 1928 Siti binti Saad alipanda meli yeye na wenzie kutoka Unguja mpaka Bombay kwenda kurekodi na kampuni ya His Master's Voice. Taarabu anaijua kila mtu, ushairi wa beti na beti, ukiwa ukumbini unaweza kuondoka ukala ukarudi wimbo bado upo. Lakini santuri za wakati ule zilibeba kama dakika tatu kila upande, basi. Kwa hiyo mwanamke yule, anayetajwa kila siku kama mama wa muziki wetu, alipofika mbele ya ile mashine ilibidi abane. Dakika tatu! Siti angezaliwa juzi, urefu wa nyimbo za Zuchu usingemshangaza hata kidogo. Zile dakika nane za Sikinde tunazozipigia magoti ndo zilikuwa za ajabu, zilitokea katikati hapo kwa sababu kulikuwa na shirika la kulipa mshahara na ukumbi wa kujaza mpaka usiku wa manane.

Na la kuiba midundo. Hapa ndo msomaji aliniudhi kidogo maana anaongea kana kwamba sisi wa zamani tulichimba muziki wetu ardhini kama muhogo. Mi natoka Morogoro. Mji huu kabla ya Mbaraka kutamba ulikuwa wa Salum Abdallah, aliyefariki 1965, na bendi yake ilikuwa inaitwaje? Cuban Marimba! Cuba! Watu wa chini ya Uluguru wanavaa suruali za kupiga pasi wanapiga rumba na chachacha kwa sababu santuri za Cuba zilifika, wakazipenda, wakatia Kiswahili. Baadae ikaja rumba ya Wakongo, bendi ya Maquis wakaja wenyewe kutoka Lubumbashi wakakaa Dar na kila mpiga solo wa hapa akabadilisha vidole. Miaka ya 90 mwanzoni Saleh Jabir akachukua mdundo wa Vanilla Ice, rapa wa Marekani, mzima mzima akaweka maneno ya Kiswahili, na hiyo ndo tunaitaja kwa heshima kama mwanzo wa rap ya Kiswahili. Leo dogo akiweka ile besi ya amapiano ya Afrika Kusini inayodunda kama mtu anagonga pipa, ameuza nchi. Kwa nini? Cuba ni mbali kuliko Pretoria.

Mzee wangu, Mungu amrehemu, Bongo Flava ilipoanza kulia kwenye spika ya kibanda alinifuata akaniambia, we mtoto zima hao wahuni, hawaimbi hao wanaongea. Wahuni ndo lilikuwa jina lao mtaani, muziki wa wahuni. Na yeye mwenyewe babu yangu alimkataza kwenda dansi kwa sababu ni la walevi. Nairobi nao wamefanya hivyo hivyo, walilalamikia genge, ile rap yao ya mtaani, mwaka 2018 ikaja gengetone, ghafla genge ikawa muziki wenye maadili.

Sasa nije kwenye kile ninachokiona mimi, maana msije mkadhani nasifia kila kitu. Kuna kitu tumepoteza kweli, na huyu msomaji amekigusa bila kukijua, yeye anakiita ujumbe. Mi nasema sio ujumbe. Tumepoteza beti ya tatu.

Nieleze. Redio za watu binafsi zilipofunguliwa, Radio One ya 1994 na nyingine zikafuata, muziki ulitoka kwenye mikono ya mashirika. Mashirika yenyewe yalikuwa yanakufa. Kijana wa Temeke hana gitaa na hakuna wa kumnunulia, lakini ana mdomo, na kwenye studio ya P Funk au Master J kuna kompyuta yenye midundo. Wimbo ukawa dakika nne, tano, kwa ajili ya redio. Lakini angalia, hakuna chemko, hakuna tarumbeta, dakika zote nne ni maneno! Ndo maana ile miaka ya 2000 kila kitu kilikuwa kisa. Vesi ya kwanza mgombea anaomba kura, ya pili anaahidi, ya tatu unajua mwenyewe. Juma Nature anakusimulia mtaa mpaka unasikia harufu ya mtaro. Na watu walikuwa wamekaa chini kusikiliza, redio haina picha, huoni gari wala viatu vya mtu, unabaki na maneno yake tu. Kanda za Bongo Flava nyimbo kumi kumi zilikuwa zinaenda mpaka nakosa kanda tupu za kurekodia. Wateja walikuwa wananiandikisha mistari kwenye karatasi, wanataka kuikariri, nasimamisha kanda, naandika, narudisha nyuma, kalamu ya Bic mkononi ya kuandikia na ya kuzungushia kanda.

Alafu vikaja vichupa, yaani video, watu wakaanza kutazama nyimbo. Alafu simu, ile miito ya wimbo unapompigia mtu. Hapo ndo niliona kwa macho yangu wimbo unakatwa shingo. Mteja hataki tena wimbo, anataka kile kipande cha kiitikio cha nusu dakika, na msanii naye anajua hela ipo hapo, akiingia studio anaanza na kiitikio, anakipaka sukari, vesi anazijaza tu ili zisiwe tupu. Beti ya tatu ikaondoka taratibu, hakuna aliyeaga. Ukitaka kujua, chukua nyimbo za mwaka 2002 na za mwaka 2012 hesabu mwenyewe beti, hizi za 2012 nyingi utakuta mbili, na siku hizi ni moja na nusu, ile nusu anapewa mgeni wa kolabo.

Na baada ya Diamond kufanya ile kolabo na Davido mwanzoni mwa 2014 soko likawa Lagos, Nairobi, Kinshasa, YouTube, dunia. Hapo sina ugomvi, dogo kutoka Tandale kujulikana dunia nzima ni jambo la kushangilia, na nilishangilia. Lakini fikiria wimbo unaotakiwa uimbwe na mtu wa Lagos asiyejua Kiswahili. Utamwekea methali? Utamwekea mafumbo ya mipasho? Utaweka maneno manne yanayotamkika, yarudiwe, na silabi tamu tamu zisizo na maana. Kiswahili kikawa kama chumvi, kinanyunyizwa juu. Hiyo inaniuma kuliko viuno. Viuno vilikuwepo, kaulizeni wazee kuhusu kumbi za miaka ya 80.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, ana studio chumbani kwake, kompyuta moja yenye FL Studio na magodoro ukutani ya kuzuia kelele (hayazuii). Mwezi uliopita nilikaa naye usiku anatengeneza wimbo. Ananiambia, "Anko, hapa ndo kwenye chalenji." Nikamuuliza chalenji gani, akanionyesha, ni sekunde 15 za wimbo ambazo watu watazichezea TikTok, na hizo anazitengeneza kwanza kabla ya wimbo wenyewe. Wimbo unajengwa kuzunguka zile sekunde, kama unanunua kitasa alafu unatafuta nyumba. Nikamwambia na mwanzo mbona hamna utangulizi, gitaa kidogo, mtu ajiandae? Akacheka akasema, "Anko, mtu akisubiri anapitisha." Akanieleza kwamba kwenye Spotify mtu asipofikisha sekunde 30 haihesabiki kama amesikiliza, huna kitu. Sekunde 30! Msondo sekunde 30 ndo wanapasha gitaa.

Nilitaka kumhubiria, nikakumbuka kibanda changu. Na mimi nilikuwa nakataa nyimbo ndefu za mwisho wa kanda. Na mimi nilikuwa namwambia mteja hii haiingii, chagua nyingine fupi. Kuna nyimbo nzuri sana za dakika 11 na 12 ambazo watu wa Morogoro hawakuzijua kwa sababu hazikuingia kwenye hesabu zangu. Sasa namlaumu vipi mtoto anayepiga hesabu za sekunde wakati mi nimepiga za dakika?

Lakini kuna siku mpwa wangu alinichukua Dar, tukapita Manzese usiku, kuna kigodoro, ile sherehe ya usiku ya mtaani, wamefunga mtaa. Singeli. Nilikuwa naichukia singeli bila kuisikiliza, nikisikia kwenye daladala naona kama kanda imekwama inaenda mbio. Mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, mtu anacheza kama amemwagiwa maji ya moto. Nikasimama pale nusu saa, tena nimesimama kwa sababu tulikuwa tumezibwa, sio kwa kupenda. Jamaa ameshika maiki, ni kijana mdogo kabisa, na anamwaga maneno, anamwaga, hapumui, kodi ya nyumba, mama mwenye nyumba, rafiki aliyemkopa, shemeji anayekula bila kuchangia, anataja majina ya waliopo pale, anarudi kwenye kodi, na watu wanaitikia kila mstari kwa sababu wanaujua ule mtaa. Sio dakika mbili. Hakukuwa na dakika, mdundo mmoja unaingia kwenye mwingine na kisa kinaendelea. Nikamwambia mpwa wangu, hiyo hapo beti ya tatu! Imehamia huku! Hakunielewa.

Nikajiuliza nani anambeba huyu. Yeye hasubiri Lagos wala redio, na wazee wa mchiriku waliomtangulia na vile vinanda vidogo vya Casio na maspika yaliyochoka walikuwa hivyo hivyo, walipigia mtaa unaowalipa usiku ule ule. Mwenye shughuli amelipa, majirani wamekuja, kukicha wanafungua barabara. Kama bendi ya ukumbini kabisa. Ndo maana ana muda wa kumaliza kisa. Siku singeli ikikaa vizuri kwenye TikTok, na imeshaanza, nadhani na yeye atapewa mkasi.

Sasa hili neno pop linalosumbua watu. Mtu anakwambia mi sisikilizi pop mi nasikiliza muziki. Ukimuuliza pop ni nini anakwambia ni hizi za kitoto. Kiswahili chetu kina neno zuri zaidi na tunalitumia nusu nusu: zilizopendwa. Redio zote zina kipindi cha zilizopendwa, Kenya, Tanzania, kila kona. Lakini angalia hiyo -li- iliyokaa katikati. Zimependwa zamani, zimeisha, tumezizika kwa heshima. Sijawahi kusikia kipindi cha zinazopendwa. Na mi nilikuwa naona kibandani jinsi wimbo unavyovuka kutoka kwenye -na- kwenda kwenye -li-, hauvuki kwa uzuri wala ubaya, unavuka siku yule aliyekuwa anaucheza anapoanza kuusimulia. Mr Nice na Takeu yake, wakati inatoka hapa mjini kulikuwa na watu wazima wanasema ni upuuzi, nyimbo za chekechea. Juzi nimeenda harusi Kihonda, MC kaiweka, wakina mama wa miaka 45 wameingia kati wanalia machozi, MC anasema tunawaletea zilizopendwa. Hakuna neno lililobadilika mle ndani ya wimbo. Waliobadilika ni wale mama.

Kwa hiyo msomaji wa Dodoma, kaka yangu au dada yangu, mi nadhani wewe hujalilia muziki, umelilia miaka yako, na hilo halina ubaya, mimi pia nalia kila nikisikia chemko. Lakini usimwambie mtoto wa miaka 16 kwamba wimbo wake umekufa wakati yeye bado yuko kwenye -na-. Lalamikia beti ya tatu, hapo niko na wewe, tena dai kwa wenye hela zao wanaolipa kwa sekunde, na kwa redio zinazokata wimbo kabla haujafika mwisho ili wasome matangazo ya sabuni.

Na nyie Mhariri, naomba ukurasa wa burudani uache hilo jina la kizazi kipya. Mwite mtu mwanamuziki, inatosha. Kama ni wa Bongo Flava andika Bongo Flava, kama ni singeli andika singeli, hawa madogo wanaochanganya vyote na amapiano juu yake andikeni hivyo hivyo mpaka wenyewe wajipe jina, watajipa tu, tena litakuwa la kihuni na mtalikataa miaka kumi kabla hamjalitumia.

La mwisho ni la binafsi. Dabo deki yangu moja bado ipo, mpwa wangu ameomba niiwashe achukue sauti ya kitufe kinaporuka mwisho wa kanda, ile "taa!", anataka kuiweka kwenye biti, anasema ina ladha. Nimeiwasha, inazunguka kidogo alafu inakula kanda, mkanda wa mpira wa ndani umelegea. Kama kuna msomaji fundi wa Morogoro, au hata Dar nitafuata, mwenye ile mikanda midogo ya mpira ya deki za zamani naomba aandike kwenye gazeti hili hili, nitaona. Kanda iliyokwama mle ndani ni ya Mbaraka na nimeikwamua nusu tu.

Mzee wa Kanda,
Morogoro